Mitambo ya Utambuzi wa Wahalifu: Nani Anailipia, na Mtumiaji wa Simu Anadaiwa Nini

Simu inapoibwa mnadani, au fedha za pamba zinapohamishwa kwa ujumbe wa utapeli siku mbili tu baada ya mkulima kulipwa, swali la kwanza la mhusika huwa ni kama mwizi anaweza kupatikana. Swali la pili huja akiwa tayari amefika kituo cha polisi, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: itanigharimu kiasi gani? Makala hii inajibu maswali yote mawili, lakini tumeamua kuanza na la pili. Mtu asiyejua ni nani anayelipia mitambo ya upelelezi hawezi kujua lini anaombwa fedha kwa haki na lini anaombwa kinyume cha sheria. Tumechukua mifano ya Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, ingawa maelezo yenyewe yanafaa popote nchini.

Jeshi ni moja, na fungu ni moja

Wapo wanaoamini kwamba kila mkoa una fedha zake za kununua vifaa vya polisi, kama wanavyoona katika filamu za Kimarekani. Huko Marekani ni kweli kwamba miji mingi ina polisi wake. Baraza la jiji hupanga bajeti, na mkuu wa polisi huenda mbele ya madiwani kuomba fedha za kamera au za maabara. Hapa kwetu haiko hivyo. Jeshi la Polisi Tanzania ni la Taifa, linaongozwa na Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, na fedha zake hupitishwa na Bunge jijini Dodoma chini ya Fungu 28 la Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Simiyu hupeleka mahitaji yake Makao Makuu. Halmashauri ya Mji wa Bariadi haiulizwi kura juu ya mtambo wa kusoma alama za vidole, wala diwani wa Somanda hana mahali pa kuuombea.

Hali hiyo haikuwaondolea wananchi mzigo wote. Katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa watu wamechanga mawe, mchanga na nguvu zao kujenga vituo vya polisi vya kata na nyumba za askari. Usukumani desturi hiyo ina mizizi mirefu. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ingali katika Mkoa wa Shinyanga, ulinzi wa ng'ombe uligharimiwa na kaya zenyewe: mwano ukipigwa kila mwanamume alitoka na upinde wake, na utambuzi wa mnyama ulitegemea macho na kumbukumbu za waliokuwapo. Asiyetoka au asiyechanga alitozwa faini. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo haoni ajabu kuambiwa achangie upelelezi wa kesi yake mwenyewe.

Hapo ndipo tunapopenda msomaji asimame kidogo. Kuchangia ukuta wa kituo kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji, kwa stakabadhi, ni jambo moja. Kumlipa askari au mtu yeyote ili simu yako ifuatiliwe ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kulipiwa.

Mitambo ambayo tayari umeilipia

Vyombo vinavyotumika zaidi kumtambua mhalifu wa simu havikai katika kituo cha polisi. Vipo katika sekta ya mawasiliano, na vilijengwa kwa ada ambazo kampuni za simu hulipia leseni zao, kwa uwekezaji wa kampuni zenyewe na kwa kodi. Mwisho wa yote, gharama hizo zimo ndani ya bei ya salio unalonunua.

Cha kwanza ni kumbukumbu za usajili wa laini. Usajili ulianza mwaka 2009, ukapewa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ijulikanayo kama EPOCA. Kwa muda mrefu usajili huo ulikuwa dhaifu: kitambulisho chochote kilikubaliwa, na jina lolote liliandikwa. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili wa alama za vidole, ambao hulinganisha kidole cha mteja na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Wengi wanakumbuka foleni za Desemba mwaka ule, na namna muda ulivyosogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020 kabla laini zisizosajiliwa hazijaanza kufungwa.

Cha pili ni rejesta kuu ya vifaa. Kila simu ina namba tambulishi ya tarakimu 15, ambayo watu wengi huiita IMEI. Rejesta hiyo ndiyo iliyowezesha simu bandia kuzimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na ndiyo inayowezesha simu iliyoripotiwa kuibwa kufungiwa isitumike katika mtandao wowote nchini, hata mwizi akibadili laini mara kumi.

Cha tatu ni mnara wenyewe. Simu iliyowashwa huwasiliana na mnara wakati wote, na mtandao huweka kumbukumbu ya mnara uliotumika. Hapa inafaa tueleze jambo ambalo linawakatisha tamaa watu wengi wasipolijua mapema. Katikati ya mji wa Bariadi minara iko karibu karibu, na kumbukumbu zake zinaweza kuonyesha mtaa. Katika mbuga za Meatu mnara mmoja huhudumia eneo kubwa. Teknolojia ya kizazi cha pili inaweza kufika hadi kilomita 35 kutoka mnarani. Askari anayeambiwa kwamba simu ilionekana katika mnara fulani karibu na Mwanhuzi amepewa eneo lenye vijiji kadhaa. Kwa hiyo ujenzi wa minara vijijini, ambao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote huugharimia kwa sehemu kutokana na michango ya kampuni za mawasiliano, ni pia uwekezaji katika upelelezi, ingawa hakuna anayeuita hivyo. Mikataba ya minara 758 iliyotiwa saini Mei 2023 ilihusu zaidi kupiga simu na kupata intaneti. Faida yake kwa mpelelezi imekuja kwa mlango wa nyuma.

Nje ya sekta yetu kuna maabara. Uchunguzi wa kisayansi wa Jeshi la Polisi hushughulikia alama za vidole, nyaraka na silaha, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, hushughulikia vinasaba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Hayo hatutayaeleza zaidi, kwani ni nadra mtumiaji wa huduma za mawasiliano kukutana nayo.

Njia ya taarifa, kutoka kituoni hadi kwa kampuni ya simu

Tuchukue mfano. Mkulima wa Itilima amepokea malipo ya pamba kwenye simu. Jioni anapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa huduma kwa wateja, anashawishika kutaja namba yake ya siri, na fedha zinaondoka.

Dakika hizo za mwanzo zina thamani kuliko mtambo wowote. Akipiga namba 100 ya huduma kwa wateja mara moja, kampuni inaweza kuzuia fedha kama bado zimo katika akaunti ya mpokeaji. Zikishatolewa kwa wakala, kinachobaki ni kumsaka mtu. Baada ya hapo aende kituoni, aeleze tukio, jalada lifunguliwe na apewe namba ya RB. Aandike kabla hajaondoka: namba iliyompigia, saa, kiasi, na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Asiufute ujumbe huo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua kama ushahidi, lakini mahakama itataka kujua umetunzwaje.

Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, afisa wa polisi anayesimamia kituo, au afisa wa chombo kingine cha dola mwenye cheo kinacholingana, anaweza kutoa amri ya kumtaka anayehifadhi taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hivyo ndivyo jina la aliyesajili laini, namba tambulishi ya simu iliyotumika, na wakala aliyetoa fedha vinavyopatikana. Nje ya njia hiyo ya kisheria, kampuni ya simu inafungwa na EPOCA kutunza siri za mteja. Mfanyakazi wa kampuni anayekupatia orodha ya simu za mtu kwa urafiki ametenda kosa, hata kama mtu huyo kweli ni mwizi wako.

Katika mlolongo huo wote hakuna hatua ambayo mlalamikaji hutakiwa kutoa fedha ya "kufuatilia namba". Kufungua jalada hakulipiwi. Amri kwa kampuni ya simu hailipiwi na mlalamikaji. Taarifa ya upotevu wa mali, ile inayoombwa pia kwa mtandao, ina ada yake ndogo ya Serikali, nayo hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kamwe hailipwi mkononi wala kwa namba binafsi ya mtu. Ukiambiwa utoe vocha, mafuta ya pikipiki au "ya kumpa kijana wa mtandaoni", uliza stakabadhi. Kama haipo, omba kumwona mkuu wa kituo. Na kama hapo hujasikilizwa, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Tunajua ushauri huu ni mwepesi kuandikwa kuliko kutekelezwa. Mtu aliyetoka Lagangabilili kwa bodaboda akiwa amepoteza mapato ya msimu mzima hana moyo wa kubishana dirishani. Ndiyo maana tunasisitiza ajue mapema, kabla hajapata mkasa.

Lipo tishio lingine, nalo linakua. Katika mitandao ya kijamii wamejitokeza watu wanaotangaza kwamba wanaweza kumpata mwizi wa simu kwa malipo ya awali. Wengi wao hawana uwezo wowote na ni matapeli wanaowinda waliokwisha kutapeliwa. Yule mmoja mwenye uwezo wa kweli atakuwa anaingilia mawasiliano bila mamlaka, jambo ambalo ni kosa la jinai, na aliyemlipa atakuwa ameshiriki.

Mtambo wa bure

Sasa tufike kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana mikoani, lakini litazungumzwa. Mara kwa mara hutokea mfanyabiashara, kampuni au taasisi yenye nia njema ya kulisaidia Jeshi la Polisi: pikipiki, kompyuta, samani. Misaada hiyo ina utaratibu wake wa kiserikali na si shabaha yetu hapa. Tunachotaka kukitenga ni mtambo unaokusanya au kutambua taarifa za watu: kamera zinazosoma sura au namba za magari, programu za kuchambua kumbukumbu za simu, au kifaa kinachojifanya mnara ili simu za jirani zijiunge nacho.

Kwa macho ya haraka, mtambo wa bure ni baraka kwa mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.1 na bajeti isiyotosha. Jiji la Baltimore nchini Marekani lilijifunza upande wa pili. Mwaka 2016 ndege ndogo ilizunguka juu ya jiji hilo ikipiga picha kwa ajili ya polisi, na gharama zilibebwa na wafadhili binafsi badala ya bajeti ya jiji. Kwa kuwa hakuna fedha za umma zilizoombwa, hakuna mjadala wa umma uliofanyika. Wakazi walikuja kufahamu mwezi Agosti, chombo cha habari kilipofichua. Mradi uliporudishwa mwaka 2020, kesi ilifunguliwa, na mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikaona unakiuka Katiba. Picha zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni ridhaa.

Karibu zaidi na kwetu, Kenya ilichagua njia ya mkataba. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, Serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi kwa Nairobi na Mombasa, kwa takriban shilingi za Kenya bilioni 15. Wabunge walihoji utaratibu wa zabuni. Ubishi ule ulichelewesha kazi, na bado tunauona una manufaa: uliwalazimisha wahusika kueleza hadharani nini kinanunuliwa, kwa bei gani, na nani atakuwa na funguo.

Wafugaji wa Simiyu wanalijua somo hili kwa njia yao. Hereni za kielektroniki za mifugo zilipoanza kuvalishwa, ng'ombe mmoja alitozwa shilingi 1,750 na mbuzi au kondoo shilingi 1,000, na mlipaji alikuwa mfugaji. Faida zilielezwa vizuri, zikiwemo za kumnasa mwizi wa mifugo, lakini manung'uniko yalizidi na mwaka 2022 zoezi likasitishwa. Tarehe 16 Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa hapa hapa Bariadi, safari hii Serikali ikiwa imebeba sehemu ya gharama ya chanjo. Hereni ni ile ile kwa umbo. Anayelipa alipobadilika, mazungumzo nayo yalibadilika.

Kwa binadamu kinga ya kisheria ni nzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila mkusanyaji na mchakataji wa taarifa binafsi kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia kwa lengo lililotajwa. Upelelezi wa makosa ya jinai umewekewa nafasi yake katika sheria hiyo, mfadhili hakuwekewa. Kampuni iliyotoa kamera haipati kwa sababu hiyo haki ya kuziangalia. Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini vinahitaji kuthibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kifaa kinachojifanya mnara kinatumia masafa ambayo yana mwenyewe mwenye leseni. Kwa hiyo diwani, mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa chama cha ushirika akiletewa pendekezo la kuchangia "mtambo wa kukamata wezi", maswali ya kuuliza si mengi: taarifa zitahifadhiwa wapi, nani atazifungua, zitafutwa lini, na nani atalipia matengenezo msaada ukiisha. Swali la mwisho husahauliwa kuliko yote. Leseni ya programu huisha kila mwaka, na mtambo usiolipiwa hugeuka samani.

Kidole chako ndicho kiungo dhaifu

Mfumo wote tulioueleza unaegemea dhana moja: kwamba jina lililo kwenye laini ni la mtu anayeitumia. Tapeli anajua hivyo. Humtafuta wakala asiye mwaminifu, naye humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, aweke tena, na tena. Kila "tena" inaweza kuwa laini nyingine. Miezi baadaye, askari wa upelelezi kutoka mkoa mwingine anamfuata bibi wa Maswa ambaye hajawahi kutuma ujumbe hata mmoja, kwa kuwa kumbukumbu zinamtaja yeye. Atajitetea, na pengine ataeleweka, lakini atakuwa amesafiri na kulala mbali na nyumbani kwa kosa la mtu mwingine.

Kwa hiyo piga *106# na uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa kampuni husika iondolewe, na usisubiri. Mfanyie hivyo na mzazi aliye kijijini, kwenye simu yake mwenyewe. Ujumbe wa utapeli, ukiwemo ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", upeleke kwenda namba 15040, kisha utaje namba iliyoutuma pale utakapoombwa. Ukinunua simu, iwe dukani Bariadi au kwa mtu Lamadi, bonyeza *#06#, tuma tarakimu 15 zitakazoonekana kwenda 15090, na usome jibu kabla ya kutoa fedha. Tarakimu hizo ziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, kwa sababu siku simu itakapoibwa ndizo zitakazoombwa kituoni, na wakati huo huwezi kuzisoma tena kwenye kioo chake.